Maswali kwa Mwalimu: Mahadevi Varma, mshairi aliyeshika chaki

Katika toleo lililopita msomaji mmoja aliuliza kama ualimu unaua utunzi. Nilipomjibu nilimtaja, kwa sentensi mbili tu, mama mmoja wa India, mshairi mkubwa wa lugha ya Kihindi na mkuu wa shule ya wasichana, ambaye siku za mapumziko alivuka mto kwenda kufundisha watoto maskini chini ya mti. Barua zilizokuja ni nyingi mno. Nimechagua chache, na ukurasa wote wa leo ni wake.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha shule ya msingi huku Mbagala, darasa moja lina watoto zaidi ya mia. Natunga mashairi usiku nikiwa hoi, na mara nyingi usingizi unanichukua kabla ubeti haujatimia. Huyo mama ni nani hasa? Na muda wa kutunga aliutoa wapi?
Mwalimu wa darasa la nne, Mbagala

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Anaitwa Mahadevi Varma. Alizaliwa Farrukhabad, kaskazini mwa India, tarehe 26 Machi 1907. Mwenyewe ameandika kwamba ukoo wao ulikaa miaka kama 200 bila binti, na kwamba alisikia kuwa hapo zamani wasichana waliuawa wakishazaliwa tu. Babu yake alimwomba Durga, mungu wa kike, ampe mjukuu wa kike, kwa hiyo alipofika alipokewa kwa furaha. Babu alijua Kiajemi na Kiurdu, baba alisoma Kiingereza. Kihindi kiliingia nyumbani na mama yake, aliyetoka Jabalpur, akawa anaimba nyimbo za Mira, mwanamke wa kale aliyemtungia Mungu nyimbo za mapenzi, na kumfundisha binti kusoma. Babu alitaka mjukuu ajue Kiurdu na Kiajemi, wakamletea maalimu wa kumfundisha. Mtoto alipomwona tu, akaingia mvunguni mwa kitanda.

Baadaye alipelekwa Allahabad, chuo cha wasichana cha Crosthwaite, akakaa bweni. Huko alimkuta dada mkubwa wa darasa la mbele, Subhadra Kumari Chauhan, ambaye tayari alijulikana kwa ushairi. Mahadevi alikuwa anatunga kwa siri. Subhadra akamuuliza, akakana. Basi Subhadra akapekua vitabu vyake, akatoa karatasi za mashairi, akamshika mkono na kumtangaza bweni zima. Tangu siku hiyo wakawa marafiki: wenzao wakienda kucheza, wao wanakaa kwenye tawi la mti wanatunga.

Kuna tukio moja la wakati huo ninalolipenda sana. Mahadevi alishinda mashindano ya ushairi akapewa bakuli la fedha lililonakshiwa. Subhadra akamwambia lazima siku moja ampikie ndani yake kheer, ule wali wa maziwa na sukari. Gandhi alipofika Allahabad, Mahadevi akaenda kumwonyesha bakuli. Gandhi akalishika, akauliza kama anampa. Akampa. Gandhi akalichukua kwa ajili ya harakati za uhuru, na wala hakumwambia msichana asome shairi lililompatia zawadi hiyo! Subhadra alimcheka, lakini Mahadevi anasema moyoni alifurahi kulitoa.

Mwaka 1932 alimaliza shahada ya uzamili ya Kisanskriti, Chuo Kikuu cha Allahabad. Mara akaanza kuongoza Prayag Mahila Vidyapith, taasisi ya wasichana iliyofundisha kwa Kihindi, na akawa mhariri wa Chand, jarida la wanawake. Mwaka 1933 palifanyika hapo kwake mkutano wa washairi wanawake, na aliyekaa kiti cha mwenyekiti ni yuleyule Subhadra aliyempekua vitabu. Kati ya 1930 na 1942 alitoa vitabu vitano vya mashairi, cha kwanza Nihar na cha tano Dipshikha. Michoro iliyomo katika Dipshikha aliichora mwenyewe.

Sasa swali lako la muda. Sitakuficha: Mahadevi hakuwa na mume nyumbani wala watoto wa kulea, na alikuwa na Bhaktin, mama wa kijijini aliyempikia na kumtunza miaka mingi. Wewe huenda ukitoka shuleni unakutana na maji ya kuteka na vyombo. Usijilinganishe naye kwa idadi ya beti.

Ila tazama alivyofanya miaka ya Dipshikha na kuendelea. Ushairi wake mpya ulipungua sana, na wapo wasemao ualimu ulimkausha. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Ndiyo miaka aliyotuandikia nathari ya watu wadogo: watumishi, wajane, wachuuzi, watoto wa kijijini. Vitabu viwili, Ateet ke Chalchitra cha 1941 na Smriti ki Rekhayen cha 1943, vimejaa watu ambao hapo kabla fasihi haikuwaona. Hawa alikutana nao kwa sababu alikuwa mwalimu. Bila chaki asingemjua Ghisa.

Habari ya Ghisa nilisomewa nikiwa bado nafundisha Kiswahili katika shule ya Zanaki. Mwalimu mwenzangu wa hisabati, mzaliwa wa hapahapa Dar aliyesomea India, alinisomea saa ya chai, anatafsiri papo kwa papo. Hatukumaliza chai.

Mahadevi alikuwa akivuka Ganga kwa mtumbwi kwenda upande wa Jhusi, anafundisha watoto wa kijiji chini ya mti. Ghisa alikuwa mtoto yatima wa baba. Baba yake alikufa kwa kipindupindu kabla hajazaliwa, mama yake anafanya vibarua vya kukandika nyumba za watu, na kijiji kizima kinamsengenya. Ghisa ndiye aliyefagia chini ya mti kabla ya mwalimu kufika. Siku moja Mahadevi aliwaambia watoto waje wameoga na nguo safi. Wengine walinawa uso tu. Ghisa alikuja amevaa kanzu yake fupi imelowa chapachapa: mama alichelewa kupata ujira wa kununua sabuni, akaifua usiku, na mtoto hakuwa na nguo nyingine.

Kisha mwalimu akaugua, ikambidi aondoke kwa matibabu. Jioni ya kuagana Ghisa akaja kifua wazi, amekumbatia tikiti maji. Pesa hakuwa nazo, kwa hiyo kanzu aliibadilisha na mtoto wa mwenye shamba. Alieleza kwamba joto limeingia, nguo haina kazi, na mwalimu asipolipokea tikiti atalia usiku kucha. Mahadevi anaandika kwamba hajui kama kuna mwalimu aliyewahi kupewa zawadi kama ile. Aliporudi, Ghisa alikuwa ameshafariki.

Wewe una zaidi ya mia. Usiku usipoweza ubeti, andika mistari mitano ya nathari juu ya mtoto mmoja tu wa siku hiyo: alivaa nini, alisema nini. Itie tarehe. Ndivyo vitabu vile viwili vilivyojaa.

Mwalimu, sisi nyumbani Upanga tunasema Kigujarati, na marehemu bibi alisema Kikachi. Watu wanatuita Wahindi wakidhani tunajua Kihindi. Hao washairi wa Kihindi sisi tunawasikia kama ninyi tu. Ni kweli tunapaswa kuwajua?
Msomaji wa Upanga

Hupaswi, ndugu yangu, ila ukimsoma hutajuta. Umesema kweli: familia nyingi za Dar zenye asili ya India mababu zao walitoka Gujarat na Kachi, na Kihindi wengi walikipata pale ambapo hata sisi tulikipata, kwenye sinema za Empire na Avalon. Tuliimba bila kujua tunachoimba.

Jambo litakalokuvutia ni kwamba Kihindi chenyewe cha Mahadevi kilikuwa kipya katika ushairi. Washairi wa kale wa kaskazini walitunga kwa lahaja ya Braj, na yeye pia utotoni alianza kwa Braj kwa kumfuata mama yake, kisha akahamia Khari Boli, lahaja ya upande wa Delhi iliyokuwa inageuka lugha ya shule na magazeti. Sisi tuna kisa kinachofanana. Ushairi wetu mkubwa wa zamani ni wa Kiamu na Kimvita, halafu mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi 1930, mwaka uleule Nihar kilipotoka. Washairi wengi wa Mombasa na Lamu hawakufurahi, na nawaelewa. Mahadevi na wenzake watatu, Prasad, Nirala na Pant, ndio walioonyesha kwamba lugha ya darasani inaweza kubeba huzuni, mvua, mapenzi na Mungu. Mkondo wao unaitwa Chhayavad. Nirala alikuwa kama kaka yake, na Mahadevi alimfunga rakhi, uzi wa udugu, mkononi.

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma tafsiri za Kiingereza za mashairi yake kwenye simu. Kila ninapogeuka ni machozi, taa, usiku na wingu. Unamwita shujaa wa wasichana, mbona analia hivi? Mimi nimechoka na wanawake wanaolia katika ushairi.
Mwanafunzi wa chuo, Gongo la Mboto

Marahaba mwanangu. Hasira yako naiheshimu, na waliomshutumu kama wewe walikuwapo tangu enzi zake. Naomba usome tena shairi moja tu, lile maarufu kuliko yote, ambamo anajiita wingu la huzuni lililojaa maji. Lisome polepole.

Ukifika katikati utaona wingu linanyesha juu ya punje ya vumbi, na vumbi linachipua. Hilo tayari si kilio cha bure. Halafu inakuja sehemu inayonitoa jasho kila mara: anasema mbingu yote ni pana, lakini hakuna hata pembe moja itakayokuwa yake, na kwamba historia yake nzima ni hii, jana alikusanyika, leo anatoweka. Wasomaji wa zamani walisema hapa anamlilia Mungu, mpenzi asiyeonekana, kama Mira. Sikatai. Lakini huyohuyo mtunzi, miaka hiyohiyo, alikuwa anaandika insha katika Chand akiuliza kwa nini mwanamke wa India hana senti yake, hana chumba chake, akitoka kwa baba anahesabika mali ya mume, na mume akifa anakuwa mzigo. Anaandika juu ya wajane. Anaandika juu ya wanawake wanaouza miili, tena bila kuwatukana, na anauliza wanunuzi wako wapi katika lawama. Insha hizo zilikusanywa 1942 katika kitabu Shrinkhala ki Kadiyan.

Weka shairi na insha pamoja mezani. Pembe ya mbingu anayoikosa wingu ndiyo pembe ya nyumba anayoikosa mwanamke. Ninavyomsoma mimi, Mahadevi hana sauti mbili, moja ya kulia na moja ya kupigana. Katika shairi anasema kilivyo, katika insha anasema kwa nini, na shuleni anafanya jambo kuhusu hilo, msichana mmoja baada ya mwingine, mwaka baada ya mwaka. Ukimkata vipande hivyo vitatu na kusoma kimoja, lazima umwone analia tu.

Na ile taa. Katika mashairi yake taa haiombi usiku uondoke. Inawaka, mafuta yanapungua, inaendelea kuwaka. Mimi nimewahi kusahihisha madaftari kwa kibatari, kwa hiyo pengine napendelea. Lakini naona huyo ni mtu wa kazi, si wa kilio.

Ukitaka pembe yake ilipo: Ramgarh, karibu na Nainital, kwenye vilima vya Himalaya, alijenga nyumba yake mwenyewe miaka ya 1930 akaiita kwa jina la Mira. Leo ni makumbusho.

Mwalimu, heshima yako. Nina binti kidato cha tatu, anasoma ukurasa wako kila toleo. Nimesikia huyo mama alimkataa mume wake wa ndoa. Mwana Kupona alimfundisha bintiye kumtii mume. Ninyi walimu mnawafundisha nini watoto wetu?
Baba wa Kigamboni

Ndugu yangu, nashukuru umeniuliza mimi na si kumnyang'anya binti jarida.

Mahadevi aliozwa 1916, akiwa na miaka tisa. Mume naye alikuwa mwanafunzi. Kwa desturi yao bibi harusi mdogo alibaki kwao hadi akue, kwa hiyo akaendelea na shule, na alipomaliza masomo akakataa kwenda kuishi katika ndoa ambayo hakuulizwa. Hakumtukana mtu wala hakukimbia na mtu. Waliandikiana barua na kuheshimiana, na yeye akaishi kwa nguo nyeupe za khadi, kitambaa cha kufumwa kwa mkono, na kazi ya shule. Kuna wakati alifikiria hata kuwa mtawa wa Kibuddha. Nikuulize kwa upole: mtoto wa miaka tisa aliahidi nini hata tumwite aliyevunja ahadi?

Mwana Kupona namheshimu sana, nimemfundisha miaka yote. Aliutunga utendi wake 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Rudi kwenye beti za mwanzo kabisa. Kabla hajasema neno lolote juu ya mume, anamwita binti aje aketi mbele yake na wino na karatasi. Binti wa Mwana Kupona alijua kuandika, na mama mwenyewe alikuwa mwanachuoni. Huo utiifu unaoutaka ulifundishwa kwa kalamu, na mwenye kalamu mkononi husoma kila ubeti kisha akafikiri. Hapo hatuwezi kuchukua nusu.

Na hili si la India ya zamani pekee. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono Oktoba 2019, ikaelekeza umri uwe 18 kwa wote. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya 2016, inamweka jela miaka 30 anayemwoa mwanafunzi. Binti yako wa kidato cha tatu yuko ndani ya ulinzi huo. Ninachomfundisha ni kumaliza kidato cha nne, kisha cha sita, na wewe ukiwa baba aliyemsomesha. Mume atakuja binti akiwa ameulizwa.

Niongeze moja, kwa kuwa umeuliza kwa nia njema. Mahadevi alipewa Padma Bhushan, nishani ya taifa la India, 1956, akawa mwanamke wa kwanza kupewa ushirika wa heshima wa Sahitya Akademi, taasisi ya taifa ya fasihi, 1979, na 1982 akapata tuzo ya Jnanpith, kubwa kuliko zote za fasihi India. Alifariki Allahabad tarehe 11 Septemba 1987. Yote hayo yalitoka kwa mjukuu ambaye babu alimwomba kwa sala. Mzee yule alitaka binti.

Mwalimu, mimi mtunzi chipukizi, Tandika. Huyo mama alifuata vina na mizani, au ni hawa wa mashairi huria?
Malenga mdogo

Alifuata, kijana, ila mizani yao si yetu. Sisi tunahesabu silabi: nane kwa nane, kina cha kati, kina cha mwisho. Wao wanapima uzito. Silabi yenye irabu fupi ni moja, yenye irabu ndefu ni mbili, kwa hiyo mistari miwili inaweza kutofautiana kwa silabi na bado ikalingana kwenye mizani. Vina wanavyo. Na nyimbo zake nyingi zina mstari wa kwanza unaorudi kama kibwagizo chetu, wakati mwingine mwisho wa wimbo tu.

Jaribu hivi: tunga tathnia ya beti tatu juu ya mtu mmoja wa mtaani kwako ambaye hajawahi kuingia kwenye shairi. Muuza kahawa, fundi viatu, dada wa genge. Mizani 16, usivunje. Zikifika kwenye anuani ya jarida kabla ya mwisho wa mwezi nitazisahihisha kwa kalamu nyekundu na kuzirudisha, na mbili bora zitachapwa hapa.